Nilimpa Shemeji Risasi Nilizojua Zimezidi Baruti

Acheni niseme haraka kabla moyo haujageuka. Mkono wa kulia wa shemeji yangu umeharibika, na aliyeuharibu ni mimi. Si bastola yake. Si yule mama aliyemuuzia. Ni mimi!

Jina langu nimelificha kwa sababu ya watoto wangu, wanasoma hapahapa Durban. Wanaotujua watatujua tu. Basi, na iwe hivyo.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja Afrika Kusini kijana, nikaosha magari, nikauza soksi na mikanda barabarani, mwishowe nikapata kazi ya ulinzi. Nilipopewa ukaazi wa kudumu nikafanya mafunzo ya silaha, nikafaulu, nikapata leseni ya bastola yangu mwenyewe. Bastola ya silinda, ile inayozunguka na matundu ya risasi, nzito, mpya, chuma kinene.

Mke wangu, nimwite Furaha, ni wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu. Kaka yake mkubwa, nimwite Bahati, alikuwa fundi wa simu kule Overport. Nasema "alikuwa." Neno hilo peke yake linanichoma.

Huyu Bahati ndiye aliyenipokea mjini hapa. Nililala kwenye sakafu ya kibanda chake, kati ya maboksi ya simu mbovu, wakati sina hata blanketi. Ndiye aliyesimama mbele ya wazee wao akasema, "Huyu Mtanzania niko namujua, mumupatie dada yangu." Bila yeye nisingekuwa na mke wala watoto.

Na mikono yake! Jamani, mngeiona ile mikono. Watu walitoka Greyville, walitoka Sydenham, kuleta simu ambazo mafundi wengine wameshindwa. Alikuwa anashika skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta kwa kibanio, anaongea na wewe, anacheka, na ile skrubu inaingia mahali pake bila hata kutetemeka.

Sasa nieleze upumbavu wangu.

Nilijiunga na klabu moja ya shabaha, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Pietermaritzburg. Pale kulikuwa na mzee wa Kihindi tuliyemwita Uncle Siva, ndiye msimamizi wa uwanja. Yeye ndiye aliyenifundisha kujaza risasi nyumbani, maana risasi za dukani zilinishinda bei.

Kwa asiyejua, kazi ni hii. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudisha umbo lake. Unaweka fataki mpya kitakoni, ile ndiyo inayowasha. Unapima baruti kwa mzani mdogo, unaimimina, halafu unabana kichwa cha risasi juu. Kitabu cha vipimo kinakuambia anzia hapa, na usipite hapa. Basi.

Uncle Siva alinirudia mpaka nikachoka. "Anzia chini. Panda pole pole. Ukifika kipimo cha mwisho, simama. Usiniambie bastola yako ina nguvu. Waliopasukiwa wote walikuwa na bastola zenye nguvu."

Mwanzoni nilimsikia. Nilipima kila ganda, nikamulika ndani kwa tochi kabla ya kufunga. Furaha alikuwa ananicheka, akiniita kwa jina la mtoto wetu, nalo nimelibadili, "Papa Grace, unapima kama mutu wa kuuza zahabu." Nilipenda kazi ile. Mezani pangu sikutaka redio wala simu.

Kilichoniponza ni sifa.

Pale klabu tulikuwa na shindano la kuangusha vibao vya chuma. Risasi nyepesi inagonga, kibao kinayumba, kinasimama tena. Risasi nzito inagonga, kibao chali! Nikaona wenzangu wanaangusha, vyangu vinayumba. Nikaongeza baruti kidogo. Vikaanza kuanguka. Nikaongeza tena.

Nilipofika kipimo cha mwisho cha kitabu sikusimama. Nikapita.

Tena nilifanya kosa juu ya kosa. Bastola yangu inakubali risasi za aina mbili za unene uleule, fupi na ndefu. Ganda refu ndilo la mzigo mkubwa wa baruti. Ganda fupi ni la mzigo mdogo, kwa sababu bastola nyingi za zamani zinatumia hilo fupi tu, na chuma chao hakivumilii zaidi. Mimi maganda niliyokuwa nayo mengi yalikuwa mafupi. Nikajiambia, si yanaingia kwenye bastola yangu tu? Nikayajaza kwa mzigo wa ganda refu, na zaidi.

Dalili niliziona. Usidhani sikuziona! Baada ya kupiga, maganda yalikuwa yanagoma kutoka kwenye silinda, nayasukuma kwa nguvu mpaka kiganja kinauma. Zile fataki kitakoni zilikuwa zimelala bapa kama zimepigwa nyundo. Uncle Siva alinifundisha kwamba hizo ni kelele za chuma kinachoomba msaada. Nikayaokota maganda yangu upesi, nikayatia mfukoni asiyaone.

Watu wakanipigia makofi. Wakanipa jina la utani, Kanoni, yaani mzinga. Eish, nilijisikia!

Wakati huohuo majambazi walimvamia Bahati dukani, wakamfunga, wakamchukulia simu za wateja. Akaamua na yeye atafute silaha, kwa njia halali, makaratasi yote. Akapata bastola ya zamani, ya mama mmoja mjane wa Sydenham ambaye mumewe alikuwa ameiacha. Ilikuwa imetunzwa vizuri mno, inang'aa kama kijiko cha wageni. Ilitumia risasi fupi tu.

Nilikwenda naye kuiangalia. Nikazungusha silinda, nikatazama mtutu. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Chukua, shemeji. Hii nzuri. Ya zamani, lakini ukiipa risasi za kawaida itadumu mpaka ikuzike."

Ukiipa risasi za kawaida. Niliyasema mwenyewe!

Jumamosi moja nikamchukua klabu ajizoeze. Alinunua boksi moja la risasi za dukani. Akapiga vizuri, ana mkono mtulivu, si unajua ni fundi. Risasi zikamwishia, na hamu bado anayo. Akanigeukia huku anacheka.

"Shemeji, zangu zimekwisha. Unipatie za kwako kidogo. Si ni sawasawa?"

Uncle Siva alikuwa amesimama nyuma yetu, karibu kabisa, anaangalia. Na wale wa makofi nao walikuwepo.

Ningesema nini? Maneno yalikuwa machache tu: "Hizi si za bastola yako. Nimezijaza kupita kiasi." Yangetosha. Lakini ningeyasema, Uncle Siva angeuliza, "Kupita kiasi gani?" Angezishika, angezifungua, angejua. Kanoni angekuwa mwizi wa sifa mbele ya watu wote. Mzee angenifukuza uwanjani siku ileile.

Nilihesabu aibu yangu. Mkono wa Bahati sikuuhesabu.

Nikajiambia, risasi za kujaza silinda moja tu. Chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli. Watengenezaji wanaacha nafasi. Nikajidanganya hivyo wakati mkono wangu tayari unaingia kwenye boksi.

"Chukua," nikasema.

Akajaza. Uncle Siva akauliza kwa Kiingereza, "Hizo ni za kipimo cha kitabu?"

"Za kitabu, Uncle," nikajibu. Mungu wangu!

Risasi ya kwanza ilimrusha mikono juu. Akageuka akasema, "Ei! Hizi zako ziko na asira!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ya pili nikaona amekunja uso. Nikafungua mdomo nimwambie aache. Naapa niliufungua.

Ya tatu ikapasua.

Sauti yake haikuwa ya risasi. Ilikuwa kama mlango wa kontena uliobamizwa karibu na sikio. Niliona moshi, halafu nikamwona Bahati amekaa chini, anaangalia mkono wake kama anaangalia kitu cha mtu mwingine. Nusu ya juu ya silinda haikuwepo. Miwani ya kinga aliyopewa na klabu ndiyo iliyookoa macho yake; kioo kimoja kilikuwa na kipande cha chuma kimekwama katikati. Kidole cha shahada hakikuwepo. Kidole gumba kilikuwa kinaning'inia.

Hakupiga kelele. Aliniita tu. "Shemeji. Shemeji. Angalia mukono yangu."

Nikavua shati nikamfunga. Uncle Siva akapiga simu ya ambulensi.

Hospitali walifanya walichoweza. Kidole cha shahada kilipotea kabisa. Kidole gumba walikirudisha, lakini hakina hisia. Unaweza kukichoma na sindano, hajui.

Furaha akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni. "Nini ilifanyika? Papa Grace, nini ilifanyika?"

Nikasema, "Bastola ilikuwa mbovu. Ni ya zamani mno."

Ndivyo nilivyosema. Uongo ukatoka laini, kama ulikuwa unasubiri zamu yake.

Na Bahati, alipoamka, akaufanya uongo wangu kuwa mkubwa zaidi bila kujua. Akamwambia dada yake, "Ni kosa yangu. Nilipenda ile bunduki sababu ilikuwa inang'aa. Shemeji alikuwa anajua mambo ya hivi, ningemuuliza muzuri." Mimi nimeshika bakuli ya supu, namlisha kwa kijiko, yeye anajilaumu!

Siku moja nikiwa pale, mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia yule mama mjane wa Sydenham. Mama mfupi, nywele nyeupe, amebeba chakula kwenye chombo kilichofungwa kwa taulo ili kisipoe. Alikuwa amesikia. Akasimama miguuni pa kitanda, akaangalia bandeji, akaanza kulia.

Alisema kwa Kiingereza, nami nawaletea kwa Kiswahili chetu: "Mwanangu, nisamehe. Mume wangu aliipaka mafuta kila mwezi. Niliamini ni nzima. Ningejua ningeipeleka polisi waiyeyushe. Nisamehe."

 Bahati akageuza uso ukutani.

Mama akanigeukia mimi. Labda aliona mimi ndiye mtu mzima pale. Akanishika mkono, huu uliojaza zile risasi, akasema, "Mwambie anisamehe."

Na mimi nikasema, "Sawa, mama. Nitamwambia."

Nitamwambia! Nikamwacha mama wa watu aende nyumbani na dhambi yangu begani mwake. Nikala chakula chake, kwa sababu Bahati alikikataa. Kilikuwa kitamu. Sijui kwa nini nawaambia hilo, ila kinanirudia mdomoni mpaka leo.

Polisi walichukua mabaki ya bastola na zile risasi ambazo hazijapigwa. Wakasema zitapimwa, itachukua muda. Nilifika nyumbani nikalificha boksi lililobaki nyuma ya matairi ya zamani. Uncle Siva alinipigia simu akaniuliza mara moja tu, "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Akakata.

Bahati alirudi dukani mkono haujapona sawasawa. Nilimkuta siku moja anajaribu kufungua simu ya mteja kwa mkono wa kushoto. Skrubu ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka. Mteja, dada mmoja wa saluni ya jirani, akasema kwa huruma, "Papa Bahati, acha tu, nitarudi siku ingine." Alipotoka, Bahati akacheka. "Ona, shemeji, nimekuwa mutoto wa maternelle, ule wa kufundishwa kushika kalamu." Akaendelea kucheka mpaka nikaona machozi yanaingia kwenye ndevu.

Hata siku ile sikusema. Eti nilikuwa nasubiri apone kwanza!

Duka likafungwa. Na hapo ndipo hasira yake ilipotafuta mtu wa kumshika, ikampata yule mama. Akaja kwangu Jumapili baada ya ibada. "Tuende Sydenham. Yule maman aliniuzia kifo. Iko na nyumba, iko na watoto wanafanya kazi. Anilipe, ao niende kortini. Wewe utakuwa shahidi, juu ulikuwa unaona bunduki siku nilinunua."

Tukaingia kwenye gari. Nilikuwa naendesha, yeye pembeni, mkono mbovu juu ya paja. Tulishuka kutoka Overport, tukakuta robot, taa za barabarani, iko nyekundu. Nikasimama. Akawa anapanga maneno atakayomwambia, anayarudia kwa sauti kama mtoto anayekariri.

Taa ikawa kijani. Sikuondoka.

"Shemeji, ni vert. Enda."

"Si bastola," nikasema.

"Nini?"

"Si bastola. Ni zile risasi zangu. Nilizijaza kupita kiasi."

Magari nyuma yakaanza kupiga honi. Nikasogea pembeni nikazima injini. Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama mkono.

"Ulikosea kupima?" akauliza taratibu. Na niliisikia sauti yake inaniombea. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Niseme tu ndiyo, nilikosea, mzani ulinidanganya, nilichoka. Angenisamehe pale pale, namjua.

"Hapana. Nilipima vizuri. Nilijua."

"Ulijua mbele ya kunipatia?"

"Kabla ya kukupa. Nilijua."

"Na juu ya nini ukanipatia?"

"Uncle Siva alikuwa anasikia. Niliona aibu."

Akarudia neno lile. "Aibu." Kama neno la lugha asiyoijua.

Hakunipiga. Heri angenipiga! Akajaribu kufungua mlango, mkono wa kulia ukateleza kwenye kitasa, ukateleza tena. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akasema, "Usinigusa." Akajipinda, akafungua kwa kushoto, akatoka, akaanza kutembea.

Nikamfuata pole pole na gari. Nilidhani anarudi kwake. Kumbe alienda moja kwa moja mpaka kwa yule mama.

Nikamwona anagonga geti. Mama akatoka, akamtambua, na hata kabla hajasema kitu akaanza kufuta macho na nguo yake. Alidhani amekuja kumdai. Bahati akavua kofia. Sikusikia waliyosema, nilikuwa ng'ambo ya barabara, vioo vimefungwa. Nilimwona tu shemeji yangu ameinamisha kichwa, mtu mzima, anaomba msamaha kwa kosa ambalo hata si lake.

Mama akaweka mkono mdomoni. Halafu akaangalia upande wangu. Akaniangalia kwa muda mrefu. Akamshika Bahati kiwiko, akamwingiza ndani, akafunga geti kwa ufunguo.

Nilikaa pale mpaka jua likaondoka kwenye bati za nyumba. Hakuna aliyetoka.

Kesho yake nikalitoa lile boksi nyuma ya matairi, nikalipeleka polisi, nikaandikisha maelezo yote. Nikampigia Uncle Siva. Akasema, "Nilijua tangu ile bastola ilipopasuka. Nilisubiri useme wewe." Halafu akasema, "Na mimi nilipaswa kukupokonya boksi. Pale uwanjani nilikuuliza tu, nikakuamini. Hilo ni langu." Ameacha usimamizi wa uwanja. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Leseni sina tena, bastola sina tena, kesi bado inaendelea. Kazini nimeondolewa kwenye ulinzi wa silaha, sasa nasimama kwenye maegesho ya duka na kiti cha plastiki. Sinung'uniki. Hayo ni madogo.

Kubwa ni nyumbani. Furaha hajaondoka, ananipikia, anafua nguo zangu. Lakini aliniambia neno moja na hajalirudia: "Ile risasi ningeweza kukusamehe. Lakini ulikuwa unamulisha kaka yangu supu, na anajilaumu, na wewe unamufuta mudomo." Tangu hapo tukikaa mezani naona anavyoangalia mikono yangu.

Bahati siku hizi anauza vifuniko vya simu kwenye ukumbi mmoja wa maduka Greyville. Watu wa zamani bado wanamletea simu zilizokufa. Anasikiliza, anajua tatizo liko wapi, halafu anawaelekeza kwa fundi mwingine.

Kanisani tunakutana. Watu wanatuangalia, hivyo hawezi kunipita. Anasimama mbele yangu, anainamisha kichwa kidogo. "Bonjour, monsieur," anasema, na anaendelea na safari yake. Miaka yote hii aliniita shemeji. Sasa ni monsieur, kama mtu wa ofisini.

Ndugu yangu unayesoma, labda huna silaha na hutaki kuiona. Lakini kama unajaza risasi mwenyewe, sikiliza mtu aliyeharibu. Kile kipimo cha mwisho kitabuni si cha watu waoga. Ganda likigoma kutoka, fataki ikilala bapa, acha! Zifungue zote, mwaga baruti, anza upya chini. Risasi ulizojaza wewe zisiingie kwenye silaha ya mtu mwingine, hata awe ndugu yako wa tumbo moja.

Na kama umeshakosea, na mtu amenyoosha mkono anakuomba, na watu wamesimama nyuma yenu wanasikia, sema! Sema kwa sauti. Wacha wakucheke, wacha wakufukuze, wacha wakunyang'anye kila karatasi uliyohangaikia. Utaingia kwenye gari umeaibika mpaka huwezi kuongea, na pembeni yako atakuwa amekaa shemeji yako, amekasirika, anakutukana njia nzima mpaka Overport, anakuhesabia makosa yako moja moja kwa vidole vyake vyote kumi.